Viatu vya Wazi Haviruhusiwi

Katika kazi zote za mji huu, ninayoishangaa zaidi ni kazi ya kusimama mlangoni usiku kucha ukiangalia miguu ya watu. Daktari huanza na macho na ulimi. Fundi cherehani huanza na mabega. Baunsa wa klabu huanza na vidole vya miguu, akapanda taratibu kwenye magoti, mkanda na kola, na akifika usoni hukumu imeshatoka. Uso wenyewe anautazama ili ajue tu akukatae kwa Kiswahili au kwa Kiingereza.

Yaliyonifikisha kwenye mlango wa namna hiyo ni mambo ya ukoo. Mpwa wangu, kifungua mimba wa dada yangu, amepata kazi yenye kadi ya kuning'iniza shingoni. Siku hizi kazi isiyo na kadi ya shingoni watu hawaihesabu. Akaamua kuwaalika rafiki zake klabu, Jumamosi usiku, upande wa Masaki, na kwa kuwa ada yake ya kidato cha tano na cha sita ilipitia mfukoni mwangu, akaona si vizuri mjomba akosekane. "Mjomba, njoo hata kidogo, uwaonyeshe dansi la zamani." Sikuelewa kama ananisifu au ananizeesha, lakini nilikubali. Jina la klabu silitaji, maana mwenye nayo huenda ana mwanasheria, na mwanasheria huyo bila shaka ana viatu vya kufunika.

Mpwa akanitumia tangazo kwenye simu. Wadada bure mpaka saa tano usiku. Wakaka shilingi 20,000. Chini yake, kwa herufi ambazo mtu wa umri wangu huzisoma kwa kunyoosha mkono, ikafuata orodha ya marufuku: malapa, yeboyebo, kaptula, jezi, singlendi, kapelo, suruali zilizochanika. Halafu agizo la jumla: vaa smati. Na mwisho kabisa, pale ambapo watu wengi huwa wameshaacha kusoma, pameandikwa kwamba uongozi una haki ya kumkataa mtu yeyote bila kutoa sababu.

Hapo tu ningejua. Mwenye haki ya kukukataa bila sababu, ile orodha ya sababu ameiandika ya nini? Anapoteza wino bure. Au ameiweka kwa ajili ya watu wa aina yangu, tunaopenda kuamini kwamba tukitii kila kilichoandikwa tutapokelewa.

Basi nikatii. Suruali ya kitambaa, rangi ya kahawia, imenyooshwa pasi mpaka upindo wake unaweza kukata nyanya. Shati la kitenge la mikono mirefu, lile lililoshonwa kwa ajili ya harusi ya bosi. Na miguuni nikaweka makobazi yangu ya ngozi, niliyoyanunua Mombasa, Mji wa Kale, kwa fundi aliyeyakata na kuyashona mbele ya macho yangu. Makobazi hayo nimekwenda nayo kwenye ndoa, kwenye maulidi, kwenye hitima, na kwenye kikao cha kamati ya shule, na hakuna shehe wala mwenyekiti aliyewahi kuniambia kwamba niko wazi. Mama watoto akanitazama kutoka kwenye kochi, akauliza, "Unakwenda disko au unakwenda kuposa?" Nikaichukua kuwa ni sifa. Kwenye tangazo makobazi hayakutajwa, nililikagua lote.

Nikapanda Bajaji kutoka Tabata. Njia nzima nilikaa nimekunja miguu vumbi lisiniharibie.

Pale klabu palikuwa na foleni mbili. Ya wadada ilikuwa inatembea. Ya kwetu ilikuwa imesimama, wanaume watu wazima tumepangwa ukutani, kila mmoja anajikagua kwa siri, huyu anachomekea shati, yule anafuta raba yake kwa nyuma ya suruali. Mbele yetu kijana mmoja alirudishwa kwa ajili ya kapelo. Akaivua, akaishika mkononi, akaambiwa hata mkononi haifai. Nikajiuliza, kapelo iliyoko mkononi inamdhuru nani, lakini nikanyamaza. Foleni inafundisha ubinafsi. Kila anayerudishwa anakusogeza mbele.

Zamu yangu ikafika. Baunsa alikuwa kijana mkubwa, shingo na kichwa vimeungana, kifaa sikioni, suti nyeusi kamili. Dar es Salaam, mwezi wa pili, suti nyeusi. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kwenye kola. Nikamwonea huruma. Huruma hiyo ilidumu mpaka alipofungua mdomo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

"Sijambo. Mzee, samahani, viatu vya wazi haviruhusiwi."

Nimekataliwa vitu vingi katika maisha haya, mikopo, uchumba, viza, lakini sijawahi kukataliwa kwa shikamoo. Mtu akikuamkia vizuri halafu akakufungia mlango, unakosa hata pa kuushikia ugomvi. Utamtukanaje aliyekupa heshima yako?

"Haya ni makobazi," nikamwambia.

"Nayajua mzee. Babu yangu anayo."

"Babu yako akija hapa utamrudisha?"

"Babu yangu hawezi kuja huku mzee."

Wakati huohuo akapita dada mmoja kwenye foleni ya pili. Viatu vyake vilikuwa kamba mbili na kisigino, basi. Vidole vyote kumi viko hadharani na vimepakwa rangi. "Na yule?" nikauliza. "Yule ni dada, mzee." Sawa. Nyuma ya yule dada, hata hakupanga foleni, akaja mzungu mmoja wa rika langu, kaptula yenye mifuko mingi, fulana iliyopauka, na kandambili za bluu zenye mchanga wa Coco Beach bado. Baunsa akamfungulia kamba, akamwambia karibu sana kwa Kiingereza.

"Na yule?"

"Yule mgeni, mzee."

"Mwanangu, yule hoteli yake iko hapo ng'ambo ya barabara. Mimi nimetoka Tabata, nimebadilisha Bajaji njiani. Kati yangu na yeye, nani mgeni Masaki?"

Akacheka, tena kicheko cha kweli, mabega yakatikisika. Lakini hakusogea. Na kabla hajamaliza kucheka likasimama gari kubwa jeusi, akashuka jamaa amevaa bukta na malapa. Malapa, namba moja kwenye orodha! Baunsa akaniacha, akaenda mwenyewe kumshikia mlango wa gari. Nikauliza wenzangu wa foleni. Wakaniambia kwa sauti ya watu waliokwishazoea: "Yule ana meza." Kuwa na meza maana yake umeagiza mapema mizinga ya vinywaji iletwe na barafu na vile vimulimuli vya kuwasha. Kumbe malapa yakisindikizwa na mzinga yanahesabiwa kuwa moka.

Nikatoka kwenye foleni, nikakaa kwenye kiti cha plastiki cha mama mmoja anayekaanga chipsi kando ya ukuta wa klabu. Nje ya kila klabu ya kifahari kuna mama chipsi, na kwa maoni yangu hapo ndipo sherehe yenyewe ilipo. Anapokea wote, walioingia na waliokataliwa, na hajawahi kumwangalia mtu chini ya kiuno. Akanipa chipsi mayai, akayatazama makobazi yangu, akajua yote.

"Usijali baba," akasema. "Hata bungeni wanatolewa."

Na kweli. Mwezi Juni 2021 Spika Job Ndugai alimtoa nje ya ukumbi kule Dodoma mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, kwa ajili ya suruali, baada ya mbunge mwenzake kusimama na kulalamika kwamba inabana. Huyo ni mtu aliyepigiwa kura na jimbo zima, na suruali ikamshinda. Jirani zetu nao hawakubaki nyuma. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku Kaunda suti bungeni, na hapo Rais wao mwenyewe, William Ruto, alikuwa anaonekana nayo kila mara. Mzee Kaunda aliyeongoza Zambia kuanzia 1964 hadi 1991 akiwa ndani ya suti hizo, angefika mlango wa bunge lile angeambiwa arudi nyumbani akabadilishe.

Wala si mambo ya leo. Oktoba 1968 vijana wa TANU hapa Dar walitangaza Operesheni Vijana, ianze tarehe 1 Januari 1969: sketi fupi basi, mawigi basi, mkorogo basi, suruali za kubana basi. Marehemu baba alikuwa na suruali moja ya kubana aliyoipenda kuliko baiskeli yake, akaificha chini ya sanduku mpaka tumbo lake likaiamulia. Kila kizazi hapa kimekuwa na mtu wa kusimama njiani akipima nguo za wenzake. Zamani alikuwa na kadi ya chama, sasa ana kifaa sikioni.

Lakini kilichonichoma mimi ni kiatu. Pwani hii kiatu ni jambo zito. Unguja ya zamani mtumwa hakuruhusiwa kuvaa viatu wala kujifunika kichwa mbele ya waungwana. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, walioachwa huru walijinunulia kofia, kanga na viatu, ili wakipita barabarani waonekane nao ni watu. Kwa hiyo ukimkuta Mswahili wa makamo amevaa makobazi yaliyopakwa mafuta yakang'aa, usidhani ni mtu aliyesahau viatu nyumbani. Amevaa. Tena amevaa kuliko yule wa raba za mtumba alizozinunua Karume jana yake.

Nilikuwa nimefika hapo katika hasira zangu mama chipsi alipoita, "We Dogo!" Akaja kijana wa bodaboda. "Mpe mzee raba." Kumbe hiyo ni biashara. Kijana ana pikipiki, na Ijumaa na Jumamosi ana raba nyeupe za kukodisha, shilingi 3,000, unaacha viatu vyako rehani. Nikamuuliza kama wateja wapo. Akasema, "Mzee, bila huu mlango ningeshauza pikipiki." Raba zilikuwa namba 44. Mimi navaa 41. Nikakaza kamba mpaka zikakutana, nikamwachia makobazi yangu, nikarudi mlangoni.

Safari hii baunsa alitazama chini, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaanza kunipapasa. Mfuko wa shati akakuta vidonge vyangu vya presha. Akavinusa.

"Vya nini mzee?"

"Vya kunizuia nisikasirike milangoni."

Nikalipa 20,000, nikapigwa mhuri mkononi, nikazama ndani.

Ndani kulikuwa giza.

Nataka msomaji alielewe jambo hili vizuri. Kulikuwa giza, na juu ya giza kulikuwa na moshi, na ndani ya moshi kulikuwa na taa za kijani zinazowaka na kuzima. Sikuiona miguu ya mtu. Sikuiona miguu yangu mwenyewe. Ungeingia umevaa ndoo, hakuna ambaye angejua. Tumekaguliwa viatu nje kwenye mwanga wa taa kubwa, kwa dakika nyingi, ili tuingie mahali ambapo viatu havionekani! Mpwa wangu alinitambua kwa sauti tu, nilipokuwa namwomba radhi mtu niliyemkanyaga, kumbe ni nguzo.

Kuhusu dansi la zamani, nilijitahidi. Tatizo la raba namba 44 kwenye mguu wa 41 ni kwamba ukigeuka wewe, raba inabaki inatazama kulekule ilikokuwa. Rafiki za mpwa wangu wakadhani ndiyo staili yenyewe ya enzi hizo, wakatoa simu wakanirekodi. Nasikia imesambaa.

Nikaagiza maji. Chupa ya nusu lita, ile inayouzwa shilingi 500 kwa Mangi wa mtaani kwetu, ikaja na bei ya 5,000. Nilidhani giza limeniongezea sifuri. Nikawasha tochi ya simu nikasoma tena. Sifuri zote zilikuwepo.

Haki nayo isemwe. Yule mzungu wa kandambili alikuwa amekaa meza ya jirani, na wimbo mmoja uliopendwa ulipoanza, dada mmoja aliruka kwa furaha akatua na kisigino juu ya kidole chake kikubwa. Ukelele aliopiga ulizishinda spika za muziki. Nikaelewa kwamba sheria ya viatu vya kufunika ina maana yake. Kwenye giza, na chupa zinazovunjika, na visigino vile, mguu wazi uko hatarini. Kama mlangoni wangesema hivyo, mzee utakanyagwa, ningewashukuru. Hawakusema. Na aliyekanyagwa ndiye aliyekaribishwa.

Nilitoka alfajiri, mpwa wangu akaendelea. Nje bodaboda hayupo. Makobazi hayapo. Mama chipsi akaniambia nitulie, kijana amempeleka abiria Kawe, anarudi. Amekwenda na makobazi yangu? Ndiyo, ameyavaa, si raba zake unazo wewe? Nikakaa kwenye kiti changu kilekile nikiwaza ngozi ya Mombasa inayokanyagia gia ya pikipiki.

Pembeni yangu akaja kukaa mtu mkubwa. Ni baunsa, zamu imekwisha. Akavua koti, akalikunja vizuri, akavua moka, akazifuta, akaziweka kwenye begi la mgongoni. Humohumo akatoa malapa, akayavaa, akanyoosha vidole na kushusha pumzi. Nikamtazama. Naye akanitazama.

"Mzee usiniseme."

"Sijasema kitu mwanangu."

Tukala chipsi. Na kwa kuwa mtu akivua kiatu kinachombana huwa anasema ukweli, nikamuuliza makobazi yamemkosea nini. Akanieleza bila kuficha. Saa ile nilipofika, sauti ya sikioni ilikuwa imemwambia wanaume wamezidi, asiingize mwanaume asiye na meza mpaka wadada waongezeke. Klabu ikijaa wanaume peke yao, wenye meza wanahama, na wenye meza ndio wanaolipa umeme. Wadada hawalipi kwa sababu wao ndio wanaowaleta wanaolipa. "Ungekuja na wadada wanne mzee, ungeingia hata peku."

"Sasa si ungeniambia tu?"

"Nikikwambia wanaume wamezidi, utabishana, utasema uhesabiwe wewe wa mwisho. Wote wanasema hivyo. Nikikwambia viatu, unakwenda kutafuta viatu. Mpaka uvipate, muda umekwenda."

"Na niliporudi na raba?"

"Wadada walikuwa wameshaongezeka."

Nikaacha kutafuna. "Kwa hiyo ningerudi na makobazi yaleyale ningeingia?"

"Ungeingia mzee. Ila nikaona umeshahangaika kutafuta raba, nisikuvunje moyo."

Analipwa kwa usiku, si kwa mwezi, na akikosea kumrudisha mtu mwenye pesa anakatwa. Anakaa Mbagala. Suti ni yake mwenyewe, ameinunua kwa mkopo. Sina ugomvi naye tena.

Ugomvi wangu ni na waliobuni mchezo huu, na hao wako mbali na Mbagala. Tarehe 26 Aprili 1977 ilifunguliwa klabu ya Studio 54 huko New York, na mmoja wa wenye nayo, Steve Rubell, alikuwa anasimama mwenyewe mlangoni anachagua watu kwa kidole. Falsafa yake ilikuwa kuchanganya watu kama saladi: matajiri kidogo, warembo kidogo, vituko kidogo. Sisi tungesema kachumbari, na katika kachumbari ile kuna nyanya nyingi zilizobaki sokoni. Usiku wa kuamkia mwaka mpya wa 1978 walifika wanamuziki wawili wa kundi la Chic, Nile Rodgers na Bernard Edwards, wamevaa wakapendeza, wamealikwa na Grace Jones mwenyewe. Mlangoni majina yao hayakuonekana. Wakarudishwa, na hao ndio watu ambao nyimbo zao zilikuwa zinachezwa kwenye klabu za mji uleule. Wakaenda nyumbani, wakashika magitaa, wakaanza kumtukana yule mlinzi kwa mdundo. Walipomaliza kusafisha matusi wakabaki na "Le Freak", wimbo uliotoka 1978 ukashika namba moja Marekani na kuuza nakala kwa mamilioni.

Mimi niliporudi nyumbani niliandika safu hii. Malipo yake hayafiki hata bei ya ile chupa ya maji.

Mwisho wa Rubell na mwenzake Ian Schrager unanifariji kidogo. Wakati wao wanakagua viatu vya watu, watu wa kodi wakaja kukagua vitabu vyao, wakakuta mapato mengi hayakuandikwa. Mwaka 1980 wote wawili wakaingia gerezani, mahali ambapo vazi ni moja kwa wote na hakuna anayerudishwa mlangoni.

Wako wengine ninaowaheshimu katika ubaya wao. Kule Berlin kuna Berghain, klabu iliyomo ndani ya jengo lililokuwa kituo cha umeme, iko hapo tangu 2004. Watu hupanga foleni kwa saa nyingi kwenye baridi, wanafika mbele, mlinzi maarufu wa pale, Sven Marquardt, mpiga picha mwenye michoro usoni, anakutazama, na unaambiwa hapana. Basi. Hakuna habari za viatu. Ukija na suti ndiyo unajiongezea nafasi ya kurudishwa. Ni ukatili, lakini angalau hakuna mtu anayekutuma ukakodi raba.

Sisi tuliokuta kumbi za dansi bado zina uhai tulizoea mlango mwingine. Ukienda kuisikiliza Msondo, bendi iliyoanza kama NUTA Jazz mwaka 1964, au Sikinde iliyozaliwa Mlimani Park mwaka 1978, mlangoni palikuwa na dirisha, na nyuma ya dirisha mama mmoja mwenye kitabu cha tiketi. Unatoa kiingilio, anachana, unaingia. Hakuna aliyeambiwa avae smati, na watu walivaa mpaka kaka zetu wakawa wanatembea kwa tabu, suruali za pekosi zinafagia sakafu na viatu vya raizoni vinawaning'iniza hewani. Walivaa kwa sababu mtaa mzima ungewaona. Taa zilikuwa zinawaka.

Lakini sitaki kujifanya kwamba milango ya zamani yote ilikuwa mizuri. Nairobi kulikuwa na Muthaiga, klabu ya walowezi iliyofunguliwa mwaka 1913. Mwafrika aliingia bila taabu yoyote, mradi awe amevaa kanzu nyeupe na amebeba trei. Nao walikuwa na orodha yao ya mavazi.

Makobazi yangu yalirudi kumekucha. Yana tope la Kawe, kamba ya kushoto imelegea, na kijana akadai 2,000 juu kwa sababu muda umezidi. Nikamwambia ni yeye aliyezidisha muda, alikuwa amevaa mali yangu anatafutia riziki. Akanijibu kwamba na mimi nilikuwa nimevaa mali yake nastarehe. Mama chipsi akatoa hukumu: nilipe 1,000. Nikalipa. Mama watoto aliponifungulia mlango alitazama miguu yangu kwanza, akapanda taratibu hadi usoni, akaniacha niingie bila kusema neno. Mpaka leo hajasema.

Kwa hiyo nina ombi kwa wenye klabu, na naliomba kwa adabu. Wanaume wakizidi, bandikeni kibao: wanaume wamejaa, rudini saa saba. Tutasoma, tutakwenda kula chipsi, tutarudi. Mkitaka wenye meza tu, andikeni bei ya meza pale nje kama wauza samaki wa Feri wanavyotaja bei zao, kila mtu ajipime. Mkimkataa mtu, mkataeni yeye, msimsingizie kiatu chake. Sheria ya vidole kukanyagwa iwekeni kwa wote, mgeni na mwenyeji, dada na kaka, mwenye gari jeusi na aliyetoka Tabata. Baunsa mpeni kiti, na suti ya mwezi wa pili mfutieni.

Na yale maji ya nusu lita kwa shilingi 5,000 ni wizi, uwe umevaa kiatu chochote.